Akili bandia kwenye kazi ya anketi

Leo nazungumza na ninyi mnaofanya anketi: mnaopita kilima kwa kilima huku Butihinda, mnaokaa na waliorudi kutoka Tanzania kupitia Kobero, mnaowauliza wakimbizi wa Kongo wanakula nini na watoto wao wanasoma wapi. Jioni unabaki na sauti za watu 40 kwenye simu, na ripoti inangojewa kesho. Akili bandia, au akili mnemba kama wasemavyo jirani zetu wa Tanzania, inaweza kuziandika sauti hizo, kuzitafsiri kwa Kifaransa na kuzifupisha kabla chai haijapoa. Simwambii mtu aiache. Usiku una saa chache.

Ila ichukulie kama mkalimani aliyefika jana.

Mama akikwambia "tunakula lengalenga tu", wewe unajua ni mboga, ile ambayo Dar es Salaam wanaiita mchicha. Mashine iliyozoea Kiswahili cha huko inaweza kuandika "malengelenge". Basi mwenye njaa amekuwa mgonjwa wa ngozi, na ataletewa dawa ya kupaka. Kirundi ni kigumu zaidi kwake. Kiswahili kimo kwenye kitafsiri cha Google tangu zamani. Kirundi kimeingia mwaka 2024. "Ku muryango" ni mlangoni, na pia ni kwenye familia. Mtu akisimulia kwamba walikuja ku muryango usiku, usiiamini karatasi, rudi kwenye sauti yenyewe.

Hata majina ya mahali. Ukiiuliza Butihinda iko mkoa gani, inaweza kukujibu Muyinga. Ilikuwa hivyo. Mwaka 2025 mikoa 18 imekuwa 5 na komuni 119 zimekuwa 42, na Butihinda sasa iko Buhumuza. Ukilinganisha hesabu za zamani na za sasa bila kutazama mipaka, utaandika kwamba watu wameongezeka, kumbe ni mpaka uliosogea.

Muhtasari nao una hila yake. Tuseme watu 39 wanasema maji yapo, na bibi mmoja anasema kisima cha kilima chake kimekauka. Mashine itaandika: wengi wameridhika na maji. Hakuna uongo hapo, lakini bibi hayumo, na sisi tulikwenda kumtafuta yeye. Soma majibu yote mwenyewe kwanza, hata kwa haraka, ndipo uombe muhtasari.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo yenye habari za watu zaidi ya 515,000. Wengi walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamaji na majanga, pamoja na waliopotea na jamaa zao. Hiyo ni taasisi yenye wataalamu wa ulinzi wa kompyuta. Programu ya bure uliyoipakua wewe mara nyingi huipeleka sauti kwenye mitambo ya nchi nyingine, na ikishakwenda huwezi kuiita irudi.

Kwa hiyo ondoa jina, namba ya simu na kilima kabla ya kutuma chochote. Wala usidhani jina peke yake linatosha: ukiandika "mjane mwenye mapacha aliyerudi mwaka jana", kilima kizima kimeshamjua. Sauti yenyewe pia humtambulisha mtu. Kama shirika lako halijakubali programu hiyo kwa maandishi, usiitumie kwa maneno ya watu.

Na kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, mwambie kwa lugha anayoielewa: "Mama, maneno yako nitayasikiliza mimi, halafu yatasikilizwa na mashine iliyo mbali. Unakubali?" Akisita, weka simu mfukoni, toa daftari na kalamu, na maongezi yaendelee.