Maneno Machache Kabla ya Kutazama "Pumzi"



Filamu ya leo ni Pumzi, kazi ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Ni ya dakika kama 20 tu. Niwatahadharishe: mazungumzo ni machache, na maana haielezwi. Mimi mara ya kwanza nilidhani haijakamilika.

Dunia imekauka. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, maji ni ya kupimiwa, hata jasho na mkojo husafishwa yakanywewa tena. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, analetewa udongo. Anapanda mbegu, kisha anaimwagilia maji ya mgao wake mwenyewe.

Hapo msiulize hadithi iko wapi. Sisi tunajua thamani ya mtungi wa lita 20 wakati wa kiangazi. Itazameni mikono yake, na kila mtu ajiulize kimyakimya: mimi ningeyamwaga?

Mwisho siusemi. Wengine mtasema Asha ameshindwa, wengine ameshinda. Bishaneni tu, viti hatuviondoi mapema.

Tuzime taa.