KIKOMO CHA KASI KATIKA MITANDAO YA OFISI: TUPIME KABLA YA KULAUMU

(Mazungumzo kwa watumishi wanaosimamia kompyuta za ofisi, Chake Chake, Pemba)



Mwananchi anapotoka Micheweni kufuata huduma Chake Chake, akaambiwa kuwa mtandao uko chini, hasara ni yake: nauli imekwenda, siku imepotea, na pengine cheti cha mtoto kinasubiriwa skuli. Kwa hivyo ni wajibu wetu kujua kilichouzuia mtandao, kabla ya kuomba fedha za umma kwa ajili ya laini kubwa zaidi.

Yapo matatizo yaliyo nje ya uwezo wetu. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari, Tanzania iliathirika pamoja na majirani zake. Lakini laini ikiwa nzima, na chumba kimoja tu ndicho kinachozorota, chanzo kitafutwe ndani.

Tuchukue ofisi yenye kompyuta ya lango inayotumia Linux, na kila chumba kimewekewa kikomo cha megabiti 10 kwa sekunde. Chumba kimoja kinapata chini ya megabiti moja. Kadi za mtandao za siku hizi, pamoja na programu zake, huipunguzia prosesa kazi kwa kuunganisha pakiti za baiti 1,500 kuwa mzigo mmoja unaoweza kufikia kilobaiti 64. Programu ya kikomo iliyopewa akiba ndogo huweza kuutupa mzigo huo wote. Ni sawa na mpima karafuu aliyepewa pishi, akaletewa gunia: badala ya kulifungua, analirudisha. Hata ukipita, katika laini ya megabiti 2 mzigo huo huishughulisha laini kwa robo ya sekunde, na sauti ya simu hukatika.

Kinyume chake pia hutokea. Baadhi ya ruta hupitisha mawasiliano ndani ya kifaa chenyewe bila ya kuyapanga foleni. Hapo kikomo hubaki jina tu, kama karafuu zinazopita bandari bubu bila ya kuonwa na mizani; chumba kimoja huchukua laini yote.

Hivyo basi, tunashauri hatua zifuatazo:

(a) Pimeni kasi kabla na baada ya kompyuta ya lango, na muandike matokeo.

(b) Kwa amri ya ethtool -k na jina la kadi, tazameni misaada ipi imewashwa.

(c) Baada ya saa za kazi, na kwa idhini ya mkuu wa ofisi, zimeni msaada mmoja mmoja kwa ethtool -K, kisha mpime tena.

(d) Prosesa ikielemewa, rejesheni msaada, na muongeze akiba ya programu ya kikomo ifikie angalau kilobaiti 64.

(e) Kwenye ruta, zimeni upitishaji wa ndani ya kifaa pale kikomo kinapohitajika.

(f) Mabadiliko ya ethtool hupotea kompyuta inapozimwa. Yaandikwe katika mipangilio ya kuwashia.

Ndugu zangu, laini kubwa iliyonunuliwa juu ya kosa dogo haitamfikisha mwananchi popote. Tupime kwanza.