Walezi wa Mvuke na Walezi wa Vijidudu: Mhadhara wa Umma juu ya Wanafunzi wa Biolojia Sanisi



Nimeombwa niwatambulishe kwenu wanafunzi wa elimu mpya iitwayo biolojia sanisi, pamoja na walezi wanaopaswa kusimama nyuma yao. Elimu hii ni ile ya kusoma maagizo yaliyomo katika jeni za kiumbe, kisha kuyapanga upya au kuyahamishia katika kiumbe kingine kilicho rahisi kufugwa, kama bakteria au hamira, ili kitoe dawa au kimeng'enya ambacho kwa tabia yake ya asili kisingekitoa. Mlango ambao vijana wengi ulimwenguni huingilia ni shindano la iGEM, lililochipuka katika somo fupi lililofundishwa katika chuo cha MIT, Marekani, Januari 2003, likawa shindano la vyuo 5 mwaka uliofuata, na sasa hukusanya mamia ya makundi kila mwaka. Kundi huchagua shida ya kwao, huishughulikia kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa wahadhiri, kisha huweka hadharani walichokipata na namna walivyojihadhari na madhara.

Natija ya kazi ya namna hiyo hutegemea sana walezi, na ushahidi wa jambo hilo hatuna haja ya kuusafiria, kwa maana uko hapa Olkaria, panapozalishwa umeme kwa mvuke wa ardhini. Visima vya kwanza vya majaribio vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na robo karne ikapita kabla ya mtambo wa kwanza, wa megawati 15, kuwasha taa mwaka 1981. Tangu wakati huo vijana wetu wamekuwa wakipelekwa Aisilandi, ambako Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha mafunzo ya jotoardhi mwishoni mwa miaka ya 1970, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Waliporejea walishika visima, wakashika idara, na hatimaye wakawa wao ndio wanaowafundisha wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika waliokuja Naivasha kujifunza. Mvuke ukawa mali yetu kwa hakika siku tulipopata watu wa kuwarithisha wenzao maarifa yake.

Sasa tazameni yaliyotukia kwa vijidudu vya Bonde hili hili la Ufa. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli katika maziwa yetu ya magadi, na katika bakteria zilizozoea maji yale makali vikapatikana vimeng'enya ambavyo kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ilivifanyia biashara, kwa sabuni za kufulia na kwa kuipa nguo ya jinzi ule weupe wa kuchakaa ambao zamani ulipatikana kwa kuisugua na mawe mepesi ya volkano. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilijitokeza kudai haki ya nchi. Upande wa pili ukajibu kwamba vibali vilikuwapo. Mimi sikusudii kuamua shauri hilo. Ninachosikitikia ni kwamba zaidi ya miaka 10 ilipita huku faida ikipatikana ughaibuni, nami sijui kundi la wanafunzi wa Kenya, lenye mlezi wake, lililokuwa likiwachunguza viumbe hao kwa nia ya kuwatumia. Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo: wanasayansi kama Profesa Hamadi Boga, alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, wamewaongoza vijana katika uchunguzi wa vijidudu vya maziwa ya magadi, na mbegu hiyo ndiyo ya kukuzwa.

Mlezi wa kwanza, basi, ni mjuzi wa vijidudu, na wa pili ni mhandisi wa mvuke, ambaye atawaonya wanafunzi juu ya ile hewa yenye harufu ya yai bovu inayotuama mabondeni na kuua. Yeye pia atawaokoa na kazi bure. Kiumbe anayejulikana kustahimili joto kuliko wote hukua mpaka nyuzi 122, ilhali visima vingi vya Olkaria hupita nyuzi 250 huko chini. Kwa hiyo uhai hautafutwi kisimani, bali katika udongo wa moto ulio kandokando ya matundu ya mvuke, ambako maji, kwa sababu ya urefu wa nchi yetu juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 93 hivi.

Mlezi wa tatu ndiye anayesahauliwa, nami nitakawia kwake. Ardhi hii ni ya malisho ya Wamaasai tangu zamani, na mwaka 2014 familia zao zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, manung'uniko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Mwanafunzi anayekuja na chupa yake kuchota udongo karibu na boma la watu waliokwisha kuhamishwa mara moja hana budi kukaa na mzee wa mahali, amweleze anachokitafuta na nani atakayefaidi kikipatikana, asikilize jibu, hata likiwa la kukataa. Sheria nayo inataka hivyo: kanuni za mwaka 2006 zinadai ridhaa na mgawanyo wa manufaa kabla ya kuchukua mali ya jeni, na sheria ya usalama wa kibayolojia ya 2009 imeweka mamlaka ya kusimamia viumbe waliobadilishwa jeni. Adabu hiyo ifundishwe kabla ya kushika chombo chochote cha maabara.

Na watu wa Nakuru wana sababu ya ziada ya kulitilia maanani jambo hili. Pareto yetu iliwahi kulisha sehemu kubwa ya mahitaji ya dunia, kisha viuadudu vya viwandani vikaidhoofisha. Sasa hatari kama hiyo inaweza kutoka maabara: mwaka 2006 wanasayansi wa California walitangaza kuwa hamira imetoa kiini cha dawa ya malaria inayotokana na mmea wa jamii ya pakanga, mmea ambao wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wakiupanda kwa riziki yao, na kufikia 2013 kiwanda kilikuwa kikiifanya kazi hiyo. Mwanafunzi wa biolojia sanisi asiyemjua mkulima anaweza kumnyang'anya tonge bila kukusudia.

Kwa hiyo nawaomba wahandisi mliostaafu hapa Olkaria, wahadhiri wa Egerton kule Njoro, mawakili na wazee wa maboma: wanafunzi watakapowajia, wapokeeni, muwape saa zenu, na majina yenu yaandikwe katika daftari la utafiti kando ya majina yao.