Kiwanja Ng'ambo ya Mpaka: Tubaki Chamazi au Tuhamie Mkuranga?

(Mada iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, siku ya sherehe ya kikundi kutimiza miaka 10)



Kamati ya sherehe imetuomba tuzungumzie makazi. Kuna waliotaka tuzungumzie batiki na sabuni, na hayo yana siku yake. Lakini sote tunajua kwamba kila mwisho wa mzunguko, kasha likishavunjwa na kila mtu akipokea mgao wake, swali linalofuata ni hili: fedha hizi ninunue kiwanja wapi?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu fupi. Mama akishindwa kodi Keko, Tandika au Temeke, alikuja huku. Chamazi ilikuwa mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo, na mwenye shamba alikuwa tayari kukumegea kipande. Leo mikorosho inahesabika, uwanja wa mpira wa Azam Complex uko hapa, siku ya mechi barabara ya kwenda Mbande haipitiki, na bei ya kiwanja imepanda hadi mgao wa mzunguko mmoja hautoshi hata kwa msingi. Ndiyo maana wenzetu wanatazama ng'ambo: Mwandege, Vikindu, Kisemvule, mpaka Mkuranga penyewe. Huko ni Mkoa wa Pwani. Lakini kazi imebaki ilipokuwa: Kariakoo, Feri, Tandika, Mbagala. Mtu analala mkoa mmoja na kutafuta riziki mkoa mwingine, kila siku anavuka mpaka mara mbili na wala hauoni, maana pale barabarani hakuna kinachobadilika ila kibao.

Na si sisi wa Temeke tu. Watu wa Kinondoni wameipita Bunju wakaingia Mapinga na Kerege, ambako ni Bagamoyo. Wa Barabara ya Morogoro wamejaa Kibaha, na waliopita Pugu wako Kisarawe. Sensa inasema wazi. Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Katika miaka hiyo hiyo Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728. Yaani jiji liliongezeka kwa karibu robo, na jirani yake alikaribia kuwa mara mbili. Wengine wamezaliwa huko huko, ni kweli, lakini wengine ni sisi hawa tunaogombania gari la alfajiri.

Sasa tuseme tulichokuja kusema. Hatumzuii mtu kuvuka. Tunachoomba ni kwamba mama asichague mahali kwa bei ya kiwanja peke yake, kwa sababu bei unailipa mara moja au kwa mafungu machache, lakini nauli, saa na karatasi utazilipa miaka yote utakayokaa pale.

Tuanze na nauli, maana hiyo kila mmoja anaweza kuihesabu kwa vidole. Tuseme mtu akihama anaongeza shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa sababu sasa anaunga magari au anamalizia kwa bodaboda. Hizo ni 2,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni 52,000. Kwa mwaka ni 624,000. Kama kiwanja cha ng'ambo kilikuwa nafuu kwa milioni 3, mwaka wa tano ukiisha nauli imekwisha kuila nafuu yote, na nyumba ikiwa na wasafiri wawili haimalizi hata mwaka wa tatu. Hapo hatujamtaja mtoto anayekwenda shule.

Lakini kwa mpangaji hesabu inageuka, na hili tuliseme wazi ili tusionekane tunawafungia watu hapa. Mama anayelipa kodi ya 60,000 kwa mwezi anatoa 720,000 kwa mwaka na mwisho wa mwaka hana hata tofali. Huyu akihamia kwake, hata akiongeza nauli ile ile ya 624,000, bado anabakiwa na 96,000 na nyumba ni yake. Kwa hiyo mwenye chumba na sebule chake hapa Chamazi, anayetaka kuuza ili akajenge kubwa Vikindu, na mpangaji wa Mbande anayetafuta pa kuanzia, wasipeane ushauri mmoja. Hali zao hazifanani.

Kuna watakaosema Mwendokasi umefika. Njia yake ya Barabara ya Kilwa, iliyoanza kujengwa mwaka 2019, inaishia Mbagala. Haivuki mpaka. Anayetoka Mwandege au Vikindu bado atapanda gari jingine kwanza ndipo aunge, sawa na sisi wa Chamazi tunaotoka Mbande kwa daladala mpaka Rangi Tatu. Hapo tumelingana nao. Tofauti yao nasi ni kwamba wao wako kwenye barabara kuu, na sisi tuko ndani. Mama wa Mwandege aliye jirani na lami anaweza kufika Rangi Tatu mapema kuliko wa Chamazi aliye bondeni, masika yakiwa yamekula njia. Kwa hiyo neno "mbali" lipimeni kwa saa, msilipime kwa jina la mkoa. Na dalali akikwambia ni dakika tano toka lami, mwulize ni dakika tano za nani, maana dalali hutembea haraka sana siku ya kuuza.

Saa ndizo zinazotuumiza sisi wanawake zaidi. Anayefuata samaki Feri anatoka saa 10 alfajiri. Akirudi saa 2 usiku, kushuka stendi si kufika nyumbani. Bado kuna kipande cha giza. Kabla hujalipa hata arbuni, nendeni wawili mkafanye safari hiyo yenyewe siku ya kazi, alfajiri ile ile na usiku ule ule, na ikiwezekana mrudie wakati wa mvua. Jumapili mchana kila kiwanja kiko karibu. Ulizeni maji ni ya bomba au ya kisima, na kama ni kisima mwonje wenyewe. Umeme uko nguzo ngapi toka hapo. Zahanati iko wapi, na usiku hufunguliwa?

Wapo pia mabinti zetu ambao njia yao ni ya kinyume. Wamepata vibarua kwenye viwanda vya upande wa Mkuranga na wanaishi huku kwa mama zao. Asubuhi wanakwenda wakati magari mengi yanakuja, wanakaa kitini. Kwa hao, kuhamia Vikindu ni kuisogelea kazi, na tungekuwa sisi tungehama kesho.

Basi tuje kwenye karatasi, na hapa mtuvumilie kidogo kwa kuwa ndipo mpaka unapoonekana. Hapa kwetu ni mtaa. Unakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji unaowafahamu. Ukivuka, sehemu nyingi ni kijiji, na ardhi ya kijiji ina sheria yake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Mwenye ardhi ni mwanakijiji, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na mgeni anayetoka nje ya kijiji hawezi kununuliana na mtu chini ya mwembe halafu basi. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Muhuri wa mjumbe peke yake hautoshi, hata ukiwa mkubwa na wino wake mbichi. Mwombeni mtendaji awaonyeshe kumbukumbu za kikao kilichokubali. Ulizeni majirani wa pande zote nne, na mmoja wao awe mzee wa siku nyingi. Vikindu pia kuna msitu wa hifadhi wa serikali. Kipande kilicho kando ya msitu mkikiona bei rahisi kupita kawaida, kwanza nendeni ofisi ya ardhi ya Wilaya Mkuranga mkaulize mpaka wa hifadhi unapita wapi. Na mkumbuke kwamba ugomvi wa ardhi husikilizwa kule ardhi iliko. Kila tarehe ya shauri ni siku moja ya biashara iliyopotea, pamoja na nauli ya mashahidi.

Halafu jina. Mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hilo limo ndani ya Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka huo huo wa 1999. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vingine. Ikiandikwa majina mawili, huchukuliwa kuwa ni ya wote kwa usawa. Jamani, hisa umeweka wewe kila wiki, kwenye mvua na kwenye jua. Siku ya kuandikishana usibaki jikoni kuwapikia mashahidi chai. Kaa mezani. Kama mmenunua pamoja, majina yawe mawili. Ni kweli kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Lakini huyo mama alifika huko kwa kesi, na sisi tunaona ni rahisi zaidi kuandika jina mapema.

Shule tuiseme kwa kifupi. Mtoto akimalizia darasa la saba upande wa Pwani, kwa kawaida nafasi ya sekondari ya kutwa atapangiwa huko huko. Anayefikiri atahama mwenyewe na mtoto abaki kwa shangazi Mbagala, aseme na shangazi kwanza.

Jambo la mwisho linakihusu kikundi chenyewe. Wenzetu saba sasa wanakaa ng'ambo ya mpaka. Tunawapenda na hisa zao hazijawahi kukosa. Lakini kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu viko daraja la nne, na usajili wake hupitia halmashauri. Sisi tumesajiliwa Temeke. Ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, inatolewa na halmashauri kwa vikundi vyake. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024, na sasa tunajiandaa kuomba. Afisa maendeleo ya jamii akija kukagua, atawatafuta wanachama hapa kwenye kata yake. Atamkagua vipi mama ambaye banda lake la kuku liko Kisemvule?

Tena mmoja wa wenye funguo tatu ndiye aliyehamia Vikindu. Masika iliyopita wote tuliliona: tumekaa Jumamosi nzima tumezunguka kasha, funguo mbili ziko mezani, ya tatu imekwama njiani kwenye maji. Mwanachama aliyekuja kuomba mkopo wa dharura kwa ajili ya mgonjwa aliondoka mikono mitupu, ikabidi tumchangie toka kwenye khanga zetu. Fedha zake zilikuwa mle ndani.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, ufunguo wa tatu urudi Chamazi kabla ya mzunguko mpya kuanza. Pili, wenzetu saba wasaidiwe kuanzisha kikundi chao huko Mkuranga, wakisajili kwenye halmashauri ya huko ili nao wapate haki ya mikopo ya huko, na mfuko wa jamii uwape mtaji wa daftari, mihuri na vitabu vya hisa. Wawili kati yao wametuambia wako tayari kuongoza. Watano bado wanaona tunawafukuza. Tunawaomba watusikilize mpaka mwisho, na kwenye mkutano wapewe nafasi ya kwanza kusema.

Lile kasha letu la mwaka wa kwanza, la mbao, bado liko nyumbani kwa mweka hazina. Bawaba zimepakwa mafuta na kufuli zake tatu zinafunga vizuri. Tunapendekeza liende Vikindu.