Kinyonga wa Shambani Kwako

Leo naweka kando mahindi na maharage, nizungumze habari za kinyonga. Msicheke. Jambo hili laweza kumfikisha kijana wako mahakamani.

Huku kwetu Usambara Magharibi yupo kinyonga wa pembe mbili ambaye hapatikani pengine popote duniani. Wataalamu walipolipa jina kundi lake mwaka 2006, waliliita Kinyongia, kutokana na neno letu hili hili. Basi watu wa Ulaya na Marekani wanapenda kumfuga ndani ya vioo, kama pambo, na hapo ndipo wachuuzi wanapopata soko. Mchuuzi hapandi mlima yeye. Humpa kijana tochi. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi, rangi yake imepauka, ukimmulika aonekana waziwazi. Kijana anajaza ndoo, analipwa vijisenti, na akikamatwa kesi ni yake. Mchuuzi humwoni.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 si ya tembo na simba tu. Kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa, hata akiwa juu ya mgomba wako mwenyewe. Mwezi Machi 2016 Serikali ilizuia kusafirisha nje wanyamapori hai. Juni 2022 likatoka tangazo la kufungua kwa miezi sita, ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki nao. Waziri akalisitisha upesi. Nje ya nchi nako, mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya vinyonga tangu 1977, na vile vidogo vya kwenye majani makavu viliongezwa katika mkutano wa Afrika Kusini mwaka 2016.

Na wewe unayemponda kwa jiwe, je? Kinyonga hana sumu, ndugu yangu. Anakula panzi, nzi na viwavi, wala hakudai ujira. Jike hushuka kufukia mayai ardhini, nayo hukaa humo miezi. Kwa hiyo ukilima ukakuta mayai meupe, madogo kama punje za maharage, yafukie palepale bila kuyageuza.

Mchuuzi akija na tochi zake, mpelekeeni habari mwenyekiti wa kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya. Wiki ijayo tutarudi kwenye maharage.