Theluji Ilipoufunga Mji wa London

Mwaka 1949 Julius Nyerere wa Butiama alikwenda Uingereza kusoma katika mji wa Edinburgh. Leo nitawasimulia habari za majira ya baridi yaliyoipata nchi ile miaka miwili kabla yeye hajafika, na jinsi watu wa London walivyoishi siku hizo.

Sisi twaijua mvua ya mawe, ambayo huanguka kwa kishindo na kuyeyuka upesi. Theluji nayo ni maji yaliyoganda, lakini huanguka kimya kama sufi, na baridi ikizidi hailiyeyuki tabaka lake, bali huongezeka siku kwa siku. Tangu tarehe 22 Januari 1947 hata katikati ya Machi, haikupita siku bila theluji kuanguka mahali fulani katika nchi ile. Penginepo upepo uliikusanya ikapata kimo cha zaidi ya futi 15.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini hawakuwasha moto?" Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Moto wa mjini, na umeme wake, ulitokana na makaa ya mawe, na akiba ya makaa ilikuwa ndogo. Makaa yalichimbwa, lakini treni zilikwama thelujini, na meli zikazuiliwa na dhoruba. Makaa yalikuwa upande mmoja, wenye baridi upande wa pili, na njia katikati imefungwa.

Basi tangu tarehe 10 Februari viwanda vingi vilikatiwa umeme, na watu zaidi ya milioni 2 wakakosa kazi. Majumbani ilikatazwa kutumia umeme tangu saa tatu asubuhi hata saa sita, na tena tangu saa nane hata saa kumi. Makarani waliandika kwa mwanga wa mishumaa, wamevaa makoti yao. Mabomba yaliganda yakapasuka, hata mwenye maji ndani ya nyumba akayatafuta nje kwa ndoo. Akina mama walisimama safu ndefu wakisukuma vigari vya watoto. Lakini ndani hamkuwa na mtoto, vilikuwa vya kuchukulia makaa. Mkate ulikuwa wa kupimiwa tangu mwaka 1946, na mboga ziliganda ardhini hata mahali pengine zikachimbuliwa kwa mashine za kuvunjia barabara.

Mwezi wa Machi theluji iliyeyuka, mito ikafurika, na maji yakaingia katika maelfu ya nyumba. Viazi vingi vilikuwa vimeharibiwa na baridi, na kabla mwaka haujaisha navyo vikawa vya kupimiwa.

Twajifunza nini? Mji ule ulikuwa mkubwa, wenye treni na mitambo, lakini akiba iliyo ng'ambo ya njia iliyofungwa si akiba. Kwetu theluji haishuki. Lakini jua hukausha mtama shambani, na mvua hukata barabara. Mama anayeanika makopa ya muhogo leo, na baba anayeezeka ghala kabla ya masika, hao wamekwisha kuielewa habari hii kuliko wengi waliokaa London mwaka ule.