Usimponde, Mpige Picha



Kutembea na mtoto msituni, iwe Karura ama Kakamega, ni mazoezi kwako na ni shule kwake. Mwonyeshe jongoo, konokono, uyoga kwenye gogo. Vipige picha kwa simu, na mkifika nyumbani mvihesabu pamoja. Sheria ni moja: tunaangalia kwa macho, hatushiki.

Sheria hii ina sababu. Wakati wa mvua kuna mdudu mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye wengi humwita Nairobi flai. Haumi wala hadungi. Lakini ukimponda juu ya ngozi, hutoa maji yenye sumu. Hutasikia kitu papo hapo. Kesho yake ndipo ngozi huwaka kama moto na kutoa malengelenge. Mtoto akijifikicha kwa mkono wenye sumu hiyo, jicho huvimba.

Kwa hivyo mama, mdudu huyo akitua juu ya mtoto, usipige kofi. Mpulize, ama mwache apande karatasi umwondoe. Kisha osha mahali hapo na mikono kwa maji mengi na sabuni. Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji safi pekee, na umpeleke mtoto kliniki siku hiyo hiyo. Kama ulimpiga mdudu picha, mwonyeshe muuguzi. Itamsaidia kujua kwamba mtoto hakuchomwa na moto.

Hadi kipindi kijacho, tembeeni salama.